Punda Wetu Anapougua

Katika vijiji vingi vya Unguja, punda si mnyama wa kazi tu. Ni kama mtu wa nyumbani. Alfajiri hutoka na gari lake kwenda kuchukua kuni, mawe au mchanga. Wakati wa bamvua huteremka pwani kupakia mwani. Jioni hurudi mwenyewe mlangoni hata kama hakuna anayemshika kamba. Watoto humpa jina, naye hulijua.

Siku punda huyu anapougua, nyumba nzima huingia mashaka. Mashaka yenyewe ni ya namna mbili. Kwanza ni huruma. Hakuna anayependa kumwona mnyama wake akiteseka. Pili ni fedha. Ng'ombe akizidiwa, pengine mwenyewe ataweza kumchinja na kupata chochote, ikiwa daktari wa mifugo ameruhusu nyama yake iliwe. Lakini kwetu punda haliwi. Akifa, amekwenda yeye na kazi yake. Na kumtibu kunataka fedha, wakati fedha hiyo hiyo inangojewa na unga, madaftari ya skuli na dawa za wazee.

Katika somo hili tutaona punda anavyougua, jinsi ya kumsaidia, jinsi ya kupanga gharama, na la kufanya ikiwa tiba imeshindwa. Tutatumia mfano wa nyumba moja ya pwani ya mashariki. Nyumba hiyo ni ya kutungwa, lakini mambo yaliyoipata huzipata nyumba za kweli.

MSUMARI MMOJA

Mzee wetu huyu alikuwa na punda wawili, jike na dume. Jike aliitwa Subira. Alikuwa mnyama mpole, na wajukuu walijifunza kuendesha gari kwa huyo.

Siku moja Subira alikanyaga ubao wa chombo kibovu pale pwani. Msumari ukamwingia chini ya ukwato. Mzee aliung'oa, akamwaga maji ya bahari juu ya jeraha, na kazi ikaendelea. Tundu lilikuwa dogo. Baada ya siku mbili lilijifunga, na Subira hakuchechemea tena. Watu wakasahau.

Siku ya kumi na mbili mjukuu alisema, "Babu, Subira anatembea kama mbao." Ni kweli. Miguu yake ilikakamaa. Masikio yalisimama wima, na mkia uliinuka kidogo. Alikwenda kwenye majani, akayanusa, lakini hakuweza kufungua mdomo. Mtoto alipopiga kopo, Subira alishtuka mwili mzima, na utando mweupe ukatokeza kutoka pembe ya jicho na kulifunika.

Jirani mmoja alisema amepigwa na upepo mbaya. Mwingine alisema apewe mafuta ya taa. Mzee hakufuata hata mmoja. Alimtuma kijana kwenda kumwita daktari wa mifugo.

PEPOPUNDA NI NINI?

Ugonjwa uliompata Subira ni pepopunda. Akina mama wanalijua jina hili, kwa sababu mama mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda kliniki ili yeye na mtoto wake wakingike. Ugonjwa ni ule ule mmoja. Tena ndani ya jina lake yumo punda, na si ajabu. Farasi na punda hupatwa na ugonjwa huu kwa wepesi kuliko ng'ombe.

Pepopunda huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, na huweza kukaa huko miaka mingi bila kufa. Haviwezi kustawi mahali penye hewa. Kwa hiyo jeraha pana lililo wazi haliviridhishi sana. Vinachopenda ni tundu dogo lenye kina lililojifunga juu, kama tundu la msumari au mwiba. Huko ndani, pasipo hewa, huzaana na kutoa sumu.

Sumu hiyo hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Kazi yake ni kuizuia misuli isilegee. Kila msuli hukaza na kubaki umekaza. Ndiyo maana taya hufunga, miguu hukakamaa, na mwishowe hata misuli ya kupumulia hushindwa. Dalili huanza kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu tangu siku ya jeraha. Wakati huo jeraha huwa limepona juu, na mwenye mnyama hakumbuki tena.

Ugonjwa huu hauambukizi kutoka punda mmoja kwenda kwa mwingine, wala kwa mtu anayemwuguza. Lakini mtu naye anaweza kuupata kwa njia ile ile ya jeraha. Anayefanya kazi na wanyama inafaa awe amechanjwa.

PUNDA HALALAMIKI

Punda ana tabia inayowapoteza watu. Anapoumwa haonyeshi upesi. Farasi mwenye maumivu ya tumbo atajigaragaza na kutoka jasho. Punda mwenye maumivu yale yale huenda akasimama tu kimya, kichwa chini. Mwenyewe atasema, "Leo amekuwa mvivu." Kumbe ni mgonjwa sana.

Basi tujifunze kumtazama mnyama wetu angali mzima, ili tujue anapobadilika. Punda mkubwa mzima ana hali hizi anapopumzika:

Joto la mwili ni kama nyuzi 37.
Hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika.
Moyo hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika.

Pumzi unaweza kuzihesabu mwenyewe. Simama kando yake asubuhi kabla ya jua kali, tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka, na tumia saa. Andika katika daftari. Huu ni mfano mmoja wa faida ya kusoma na kuandika.

Mwite daktari ukiona dalili yoyote katika hizi:

1. Amekataa kula. Hili si jambo dogo kwa punda. Punda asipokula siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene au mwenye mimba, mwili wake huyeyusha mafuta na kuyajaza katika damu. Ini huharibika. Anaweza kufa kwa hilo, hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo.
2. Anakakamaa, au taya limefunga.
3. Hapati choo, au anageuka kuutazama ubavu wake, au analala na kuamka mara kwa mara. Huenda ni tumbo. Mifuko ya plastiki na kamba za jaani huweza kuziba utumbo.
4. Anapumua mbio ingawa hakufanya kazi.
5. Hataki kukanyagia mguu mmoja.
6. Amebadilika tabia ghafla, anauma, au anatokwa na mate mengi.

Hiyo ya sita itazamwe kwa hadhari. Kichaa cha mbwa hakishiki mbwa peke yao. Paka, punda, ng'ombe na watu pia hushikwa. Mnyama anayeshindwa kumeza usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa au mwiba. Mtu aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate katika jeraha, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje aone mnyama atakuwaje. Dalili za kichaa zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

KABLA DAKTARI HAJAFIKA

Yako mambo machache ya kufanya, na yapo ya kuacha.

Mfungue gari na shogi, umweke kivulini. Ukidhani ni pepopunda, mtafutie banda lenye giza na kimya, maana mwanga na kelele humzidishia mkazo. Watoto wasipige kopo wala kukimbia karibu naye. Chini tandaza majani makavu au mchanga laini, akianguka asijiumize juu ya mawe. Ndoo ya maji iinuliwe mpaka usawa wa kifua chake, kwa sababu shingo iliyokaza haiwezi kuinama. Punda mwenzake aachwe karibu, waonane.

Usimnyweshe dawa kwa chupa. Punda asiyeweza kumeza, ukimmiminia maji au mafuta, yataingia mapafuni na kumwua. Mafuta ya taa si dawa ya chochote. Usimchome moto, wala usimkate masikio kumtoa damu. Mateso hayo hayaondoi sumu. Yanamwongezea maumivu na majeraha mapya.

DAKTARI NA HESABU

Daktari alifika jioni kwa pikipiki. Alimtazama Subira kwa utulivu, akauinua ukwato, akalikuta tundu la msumari na usaha mweusi ndani.

Mzee aliuliza, "Daktari, atapona?"

Daktari alijibu, "Mzee, sikudanganyi. Wengi wanaofika hali hii hufa. Lakini bado amesimama, na maji kidogo yanapita. Mwenye kusimama bado tuna tamaa naye."

Kisha alieleza matibabu. Atalifungua jeraha, alisafishe na kulipitisha hewa. Atachoma penisilini kuua vijidudu. Atachoma dawa ya kukamata sumu. Na atachoma dawa ya kulegeza misuli, ili mnyama apumzike.

Ni muhimu kuelewa dawa ya kukamata sumu inafanya nini. Inakamata sumu ambayo bado inazunguka katika damu. Ile ambayo imekwisha ingia katika mishipa ya fahamu haiwezi kuitoa. Kwa hiyo ikichomwa siku ya jeraha huokoa, lakini ikichomwa siku ya kukakamaa husaidia kidogo tu. Mengine ni kungoja mwili ujitengeneze wenyewe, na kungoja huko huchukua wiki kadhaa. Tena dawa hii ni ya bei kubwa.

Mzee na mkewe walikaa chini na daftari. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia hesabu tu. Si bei za dukani.

Safari ya daktari na kazi yake: shilingi 30,000
Dawa za siku ya kwanza: shilingi 90,000
Sindano za siku 7, kila siku 10,000: shilingi 70,000
Pumba na majani ya siku 30, kila siku 2,000: shilingi 60,000
Jumla: shilingi 250,000

Halafu kuna gharama isiyoonekana. Ikiwa gari la Subira liliingiza shilingi 8,000 kwa siku, na lilifanya kazi siku 26 kwa mwezi, basi mwezi mmoja bila kazi ni 8,000 mara 26, yaani shilingi 208,000. Jumla ya yote ni shilingi 458,000.

Mke wa mzee alikuwa na zamu ya upatu mwezi ule. Fedha hizo alizitaka kwa mabati ya jikoni. Alisema, "Mume wangu, Subira amevuta mawe ya nyumba hii tunayokaa. Nitatoa nusu ya upatu. Lakini nusu ya pili siitoi, na wala tusikope. Tukikopa tutazama sisi na punda."

Maneno haya yana busara. Mtu akiwa na huruma hulipa leo, akalipa kesho, na kesho kutwa akauza mbuzi, kila siku akijiambia, "Nimekwisha toa nyingi, siwezi kuacha sasa." Fedha iliyokwisha toka hairudi, ukiendelea au ukiacha. Linalofaa kuulizwa kila siku ni moja: fedha ya leo itamsaidia mnyama huyu au la?

Kwa hiyo, kabla ya kuanza matibabu makubwa, mwulize daktari maswali manne:

1. Je, mnyama kama huyu huweza kupona, na akipona ataweza kazi tena?
2. Tutajua kwa dalili gani kwamba anapona, na baada ya siku ngapi?
3. Kila hatua itagharimu kiasi gani?
4. Kama hatuna fedha za yote, lipi ni la lazima na lipi linaweza kuachwa?

Daktari mwema hachukii maswali haya. Baada ya majibu, watu wa nyumbani wakubaliane mambo mawili na kuyaandika: kiasi cha fedha ambacho hawatakizidi, na dalili ambayo ikitokea wataacha. Mzee na mkewe waliandika hivi: "Nusu ya upatu. Na akilala siku nzima asiweze kuinuka, basi."

Hata asiye na fedha ya dawa ana la kufanya. Kivuli, kimya, maji, kusafisha kidonda na kumfukuzia inzi ni matibabu pia. Asijione mtu mwovu. Aliye mwovu ni yule anayemfunga mgonjwa kwenye gari na kumpiga fimbo.

KUMWUGUZA

Siku tano nyumba ile ilikuwa kimya. Mzee alimlisha Subira pumba zilizorojeshwa kwa maji, kidogo kidogo, kwa kadiri mdomo ulivyofunguka. Mke alimfuta macho kwa kitambaa na maji safi. Mjukuu alikaa mlangoni mwa banda na kuandika katika daftari lake la skuli: asubuhi amekunywa nusu ndoo, mchana amepata choo, jioni amekataa pumba. Daktari alipokuja alisoma daftari lile kabla ya kumtazama punda.

Hatuhitaji kuona haya kwa kumhudumia mnyama hivi. Msemo wetu unasema shukrani ya punda ni mateke, lakini aliyeishi na punda anajua kuwa msemo huo haumtendei haki. Na msikitini tumesikia habari ya mwanamke aliyemfunga paka hata akafa kwa njaa, na ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Mmoja aliadhibiwa, mwingine alisamehewa. Huruma kwa mnyama si upuuzi wa watoto.

WAKATI WA KUSEMA BASI

Siku ya sita Subira alianguka. Walijaribu kumwinua watu sita, hawakuweza. Miguu ilinyooka kama vijiti, na pumzi zilikuwa fupi za haraka. Mnyama mkubwa mwenye pepopunda akishalala asiweze kusimama, tamaa ya kupona ni ndogo mno. Hulemewa na uzito wake mwenyewe, hutoka vidonda, na kupumua humshinda.

Walingoja siku moja kama walivyoandika. Asubuhi yake mzee alimpigia simu daktari, akasema, "Njoo umpumzishe."

Daktari ana dawa ya kumlaza mnyama usingizi asiozinduka. Akichomwa kwa njia iliyo sawa, hasikii maumivu marefu. Wapo watu wanaoona vema kumwacha mnyama afike ajali yake mwenyewe. Mwenye wasiwasi wa dini na amwulize shekhe wake, na mwenye wasiwasi wa tiba amwulize daktari. Ila tusimwache mnyama juani, hana maji, kunguru wakimdonoa macho, tukasema tunangoja amri ya Mungu. Huko si kungoja, ni kutelekeza.

Jihadhari pia na mtu anayekuja kutaka kumnunua punda mgonjwa au mzoga ili achukue ngozi. Biashara ya ngozi za punda kwenda nchi za nje ilimaliza punda wengi Afrika. Mwezi wa Februari 2024, katika mkutano wao wa Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

BAADA YA MSIBA

Mambo matatu yalibaki kufanywa katika nyumba ile.

La kwanza lilikuwa maziko. Sehemu za mashariki na kusini ya Unguja nyingi ni maweni. Udongo ni haba, na maji hupenya haraka katika nyufa za mawe mpaka visimani. Kwa hiyo mzoga usitupwe pangoni wala kuzikwa karibu na kisima. Muulize sheha na ofisi ya mifugo mahali penye udongo wa kina. Mzoga wa mnyama aliyechomwa dawa ya usingizi ufukiwe sana, kwa sababu mbwa na kunguru wakila watakufa.

La pili lilikuwa yule punda dume. Punda wawili waliofanya kazi pamoja hushikamana sana. Mmoja akiondolewa ghafla, mwenzake huenda akalia, akatafuta, na akasusa kula. Nasi tumeona hatari ya punda kutokula. Daktari alishauri dume aachwe amnuse Subira kabla ya kwenda kuzikwa. Alimnusa kitambo, akasimama kando yake, kisha akaondoka mwenyewe. Siku mbili alikula kidogo. Mjukuu alikaa naye, na siku ya tatu akala vizuri.

La tatu lilikuwa wale watu wenyewe. Mjukuu alilia. Babu yake hakumwambia, "Nyamaza, ni punda tu." Alimwambia, "Ulifanya kazi yako vizuri. Daftari lako lilitusaidia." Mzee naye alikaa barazani siku kadhaa bila maneno mengi. Jambo lililomkera zaidi ni kukumbuka ule msumari. Alimwambia mkewe, "Ningelimwita daktari siku ile." Mkewe akamjibu, "Siku ile hukujua. Sasa unajua."

NENO KUHUSU PAKA

Si kila mtu ana punda. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe na katika kila kijiji wako paka, na wapo wazee ambao paka ndiye mwenzao wa nyumbani. Nao hufikwa na mashaka haya haya. Tukumbuke mambo matatu.

Usimpe paka vidonge vya maumivu vya binadamu. Panadol kidonge kimoja tu huweza kumwua, maana mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo. Usimpake paka dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa ng'ombe au mbwa. Nyingine ni sumu kwake. Na paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo ni mgonjwa wa haraka. Njia imeziba. Asipofunguliwa na daktari, huweza kufa katika siku mbili tatu.

KINGA

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa pepopunda ni rahisi mno kuliko tiba. Punda huchanjwa sindano mbili, baina yake wiki nne hadi sita. Baadaye hurudiwa kwa muda atakaosema daktari. Hata punda aliyepona pepopunda lazima achanjwe, kwa sababu ugonjwa wenyewe haumpi kinga. Akipata jeraha la msumari, safisha tundu kwa maji mengi safi, liache wazi, na mwite daktari siku hiyo hiyo. Pwani na njiani okota misumari na mbao mbovu.

Wenye punda wakishirikiana, gharama hupungua. Daktari akija kijijini kwa ajili ya punda mmoja, nauli yake hulipwa na mtu mmoja. Akija kwa ajili ya punda kumi, kila mmoja hulipa sehemu ya kumi. Kikundi pia kinaweza kuweka akiba kidogo kila wiki, ili siku ya ugonjwa fedha iwepo bila kugusa unga.

Tusidhani kuwa maradhi ya wanyama ni mambo yasiyoondoka. Zamani Unguja ilikuwa na mbung'o, na mbung'o waliambukiza ng'ombe na wanyama wengine ugonjwa wa ndorobo. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mamilioni ya madume ya mbung'o yalikuzwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, kisha yakamwagwa kisiwani kutoka kwenye ndege. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Aliyepandwa na dume tasa hakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu, lakini haikuwezekana bila wafugaji kukubali mifugo yao ipakwe dawa na ipimwe.

Mwezi uliofuata, daktari alirudi katika kijiji kile. Chini ya mwembe walikuwa wamefungwa punda kumi na wanne wakingojea chanjo. Wa kwanza katika mstari alikuwa dume wa mzee. Kamba yake ilishikwa na mjukuu, na mkono wa pili ulishika daftari.

MANENO YA KUKUMBUKA

Shogi: tandiko lenye mifuko miwili anayobebea punda mizigo.
Vijidudu: viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, viletavyo maradhi.
Mishipa ya fahamu: mishipa inayopeleka habari baina ya ubongo na mwili.
Tasa: asiyeweza kuzaa wala kuzalisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini tundu dogo la msumari ni la hatari kuliko jeraha pana?
2. Kwa nini dawa ya kukamata sumu haikumsaidia Subira sana?
3. Mke wa mzee alitoa nusu ya upatu akakataa nusu. Je, alifanya sawa? Toa sababu.
4. Ikiwa safari ya daktari ni shilingi 30,000, na wenye punda ni 10, kila mmoja atalipa kiasi gani? Wakiwa 15 je?
5. Mhesabu pumzi punda, ng'ombe au mbuzi wako kesho asubuhi. Andika tarakimu na uje nayo darasani.